Ukurasa wa Jamaa: Uso na Sauti



Karibu kila jamaa ina mtoto mmoja mwigaji. Mmemwona katika nyumba zenu. Anatembea kama katekista mzee, anakohoa kama chifu, anateta kama mama muuza samaki anapopunguziwa bei. Wenzake wanacheka mpaka machozi yanawatoka, na mwenye kuigwa akipita, wote wananyamaza ghafula. Siku ya mchezo wa Noeli huyo ndiye anayepewa nafasi ya Herode. Wazazi hucheka pamoja na watu, lakini wakirudi nyumbani huingiwa na mashaka. Na mtoto akisema, "Baba, mimi nataka kuwa mwigizaji," baba humjibu, "Hiyo si kazi, mwanangu. Huo ni mchezo wa wavivu."

Je, baba huyo amesema kweli? Leo yafaa tuitazame habari hii kwa utulivu, bila hasira na bila kujidanganya. Tutafuata maisha ya mwanamke mmoja wa Afrika Mashariki aliyefanya kazi katika televisheni, katika sinema za huzuni na za kuchekesha, na tena katika filamu za katuni ambamo uso wake hauonekani hata kidogo. Jina lake ni Lupita Nyong'o.

Nyumba yenye lugha nyingi

Lupita alizaliwa tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka 1983, katika mji mkuu wa nchi ya Mexico. Wazazi wake ni Wajaluo wa Kenya. Baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha huko, maana siku zile Kenya haikuwa mahali salama kwa watu waliosema wazi juu ya mambo ya utawala. Wazazi wakampa mtoto jina la nchi iliyowapokea. Lupita ni kifupisho cha mapenzi cha jina Guadalupe, nalo ni jina ambalo watu wa Mexico humheshimu kwalo Bikira Maria. Mtoto alikuwa bado mchanga jamaa waliporudi Kenya. Baadaye baba akawa waziri, na mwaka 2017 akachaguliwa gavana wa Kisumu.

Katika nyumba ile mlikuwa na Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Binti alipofikia umri wa miaka 16, wazazi walimrudisha Mexico kwa muda wa miezi, ajifunze Kihispania, lugha ya nchi aliyozaliwa.

Nataka wazazi wa Kasongo na Kabambare walifikiri jambo hili. Mtoto wetu husikia lugha ya bibi yake jikoni, Kiswahili njiani na sokoni, Kifaransa darasani, na Kilingala katika nyimbo za redio. Wako watu wanaosema kwamba mtoto wa namna hiyo atachanganyikiwa. Sivyo. Sikio lililozoea lugha nyingi hutambua upesi namna mtu mwingine anavyovuta neno, mahali anapopumua, na pale sauti yake inapopanda au kushuka. Kwa mwigizaji hiyo ndiyo mali ya kwanza. Lupita alipotakiwa kusema Kixhosa cha Afrika ya Kusini katika filamu ya *Black Panther* ya mwaka 2018, alikuwa na mazoea ya kubadilisha ulimi tangu utotoni.

Jukwaa alilijua mapema. Akiwa na miaka 14 alicheza kama Juliet, katika mchezo maarufu wa Shakespeare, pamoja na kundi la Phoenix Players la Nairobi. Basi tuangalie vema: toka siku ile mpaka siku dunia nzima ilipomjua, ilipita miaka 16 au zaidi. Tutaona alivyoitumia.

Uso alioukataa

Mwezi wa pili mwaka 2014, katika karamu ya kuwaheshimu wanawake weusi wa sinema ya Marekani, Lupita alisimama akasimulia jambo la utoto wake ambalo wengi wangelificha. Alisema kwamba kila usiku alimwomba Mungu ambadilishe ngozi, aamke asubuhi akiwa mweupe kuliko alivyolala. Asubuhi hakutaka kujitazama mikono wala miguu kabla ya kufika mbele ya kioo, ili auone kwanza uso wake mpya. Kila siku alikuta uso ule ule. Akajaribu kufanya mapatano na Mungu: ataacha kuiba vipande vya sukari usiku, atamtii mama yake, hatapoteza tena sweta la shule. Hata hivyo ngozi haikubadilika.

Mama yake alimwambia neno ambalo hakulielewa upesi: uzuri hauliwi, wala haumshibishi mtu. Maana yake ni kwamba uso si chakula cha kuishi nacho. Kinachomtegemeza mtu ni moyo wake na huruma yake kwa wengine. Baadaye binti alimwona Alek Wek, mwanamke mweusi sana aliyetoka Sudan ya Kusini, akisifiwa duniani kote kwa uzuri wake katika maonyesho ya mavazi. Ndipo alipoanza kufikiri kwamba labda kioo hakikuwa na kosa.

Katika hotuba ile alitaja pia barua aliyoandikiwa na msichana mmoja. Msichana huyo alikuwa karibu kununua dawa ya kujichubua, akamwona Lupita, akaacha.

Enyi akina mama, nani kati yetu hajaona makopo hayo katika soko zetu? Dawa nyingine za namna hiyo zina zebaki, nayo huharibu mafigo. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huacha mabaka meusi yasiyotoka. Binti ananunua kwa fedha yake ugonjwa ambao hakuwa nao. Tena hajifunzi kujichukia kutoka kwa kopo. Amekwisha kujifunza nyumbani, kwa shangazi anayesifu mtoto mmoja kwa weupe na kumcheka mwingine kwa weusi mbele ya wageni.

Mwaka 2019 Lupita alitoa kitabu cha watoto chenye picha, kiitwacho *Sulwe*. Neno hilo ni la Kijaluo, maana yake nyota. Ni habari ya mtoto mweusi kama usiku anayetaka kuwa mweupe, kisha anajifunza thamani ya usiku. Mwenye kukiandika alikuwa amepita njia hiyo mwenyewe.

Miaka ya kujifunza

Lupita alikwenda Marekani akasoma mambo ya sinema na michezo ya kuigiza katika chuo cha Hampshire. Hakuanza kwa kusimama mbele ya kamera. Wakati filamu ya *The Constant Gardener*, iliyotoka mwaka 2005, ilipopigwa Kenya, yeye alikuwa mmoja wa wafanyakazi wadogo nyuma ya kamera, wale wanaotumwa huku na huku. Huko alimweleza Ralph Fiennes, mwigizaji mkubwa Mwingereza, kwamba naye angependa kuigiza. Mzee huyo hakumsifu. Alimshauri aifanye kazi hiyo ikiwa tu anaona hawezi kuishi bila kuifanya. Shauri gumu, lakini la kweli. Na heri kijana anayepewa shauri la namna hiyo mapema.

Mwaka 2009 ukawa mwaka wa televisheni. Lupita alicheza katika *Shuga*, mfululizo uliotengenezwa Nairobi kuwaonya vijana juu ya ugonjwa wa Ukimwi. Huko aliitwa Ayira. Televisheni ina namna yake ya kufundisha. Jukwaani mwigizaji hupaza sauti na kukuza ishara, ili mtu wa nyuma kabisa aone na kusikia. Kamera ya televisheni iko karibu na shavu lake. Akikuza ishara huonekana mwongo. Tena kazi huenda haraka, kipande baada ya kipande, na mara nyingi mwisho wa habari hupigwa kabla ya mwanzo. Yampasa mwigizaji ashike moyoni hali ya mtu wake, ajue wakati wowote amefika wapi katika maisha ya mtu huyo.

Mwaka uo huo alitengeneza yeye mwenyewe filamu ya habari za kweli, *In My Genes*, juu ya maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Msomaji, tafakari kidogo. Mtu aliyeteseka utotoni kwa sababu ya weusi wake ndiye aliyekwenda kuwasikiliza watu wanaoteswa kwa sababu ya weupe wao. Alijua kwamba jeraha ni moja. Watu hutazama ngozi, kisha hawasikilizi tena sauti ya mwenye ngozi hiyo.

Baada ya hayo, alipokwisha kuonekana kwenye televisheni na vijana walipomjua, alirudi shuleni. Alisoma miaka mitatu zaidi katika shule ya michezo ya kuigiza ya Yale, akamaliza mwaka 2012. Huko wanafunzi hufundishwa kupumua, kusimama, kusema maneno ya kale, na kubadilisha mwendo wa mwili. Ndiyo sababu siwezi kuiita kazi hii mchezo wa wavivu. Fundi seremala hujifunza miaka mingapi kabla ya kuachiwa mbao za watu?

Mara tu alipotoka shuleni alipata kazi katika filamu ya Steve McQueen, *12 Years a Slave*, iliyoonyeshwa mwaka 2013. Habari yake imetoka katika kitabu cha Solomon Northup cha mwaka 1853, mtu huru wa Marekani aliyetekwa na kuuzwa utumwani. Lupita alicheza kama Patsey, mtumwa wa kike katika mashamba ya pamba ya Louisiana, aliyeonewa na bwana wake na kuchukiwa na bibi wake. Patsey hakuwa mtu wa kubuniwa. Aliishi kweli, akapigwa kweli.

Sisi watu wa Maniema hatuhitaji kufafanuliwa sana habari hizo. Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip na wenzake katika karne ya 19, na njia za pembe na watumwa zilipita katika ardhi tunayolima leo. Lugha hii tunayoandikia ilifika kwetu kwa njia hizo hizo. Mtu akiigiza mateso ya mtumwa kwa heshima, anawasemea wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Tarehe 2 mwezi wa tatu mwaka 2014 Lupita alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Akawa mwigizaji wa kwanza wa Kenya kuipokea. Katika shukrani zake alimkumbuka Patsey, akakiri kwamba furaha yake ya usiku ule imetokana na uchungu wa mtu mwingine. Kisha akawaambia watoto wote kwamba ndoto zao zina haki, po pote walipozaliwa.

Kicheko ni kazi nzito

Wengi hudhani kwamba kulia ni kugumu na kuchekesha ni rahisi. Waigizaji wenyewe hawasemi hivyo. Watu wakiangalia mchezo wa huzuni na mwigizaji akikosea kidogo, wanaweza kumhurumia. Lakini kichekesho kikichelewa nusu ya pumzi, hakuna anayecheka, na mwigizaji anabaki na aibu yake peke yake.

Sanaa hii si ngeni katika Kongo. Katika miaka ya 1950, Padre Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alipiga huko Kasai filamu fupi za kuchekesha juu ya watu wawili, Matamata na Pilipili. Watazamaji waliwafananisha na Laurel na Hardy wa Marekani. Walichekesha kwa mambo ya kila siku: kutafuta kazi, kutaka fedha, kujifanya mabwana. Siku zile zile Padre Alexandre Van den Heuvel alitengeneza filamu za katuni juu ya Mboloko, yule paa mdogo mwerevu wa hadithi zetu. Filamu hizo zilikuwa na makusudi ya kufundisha, na nyuma ya kamera walikuwa wamisionari, si Wakongo. Jambo hilo tusilifiche. Lakini kicheko kilitoka katika miili na nyuso za Waafrika, na katika hadithi ambazo bibi zetu walizijua kabla ya kamera kufika.

Lupita naye aliingia katika kichekesho. Mwaka 2019 alicheza katika filamu ya Australia, *Little Monsters*. Yeye ni mwalimu wa watoto wadogo anayewapeleka matembezi, na ghafula wanazungukwa na maiti wanaotembea. Mwalimu hataki watoto waogope. Anawaambia kwamba yote ni mchezo, anawaimbisha, anapiga kinanda kidogo cha nyuzi, na huku anawapigania kufa na kupona. Kicheko chatoka hapo: uso wake unasema neno moja kwa watoto, na lingine kwa mtu mzima aliye karibu. Angekonyeza jicho mara moja kutuonyesha kwamba anajua ni mzaha, kichekesho kingekufa. Lakini niwaonye: jina la filamu na wale watoto waliomo visiwadanganye. Ina damu nyingi na maneno machafu, nayo ni ya watu wazima.

Mwaka huo huo alicheza katika filamu ya kutisha, *Us*, watu wawili wanaofanana sura lakini mioyo yao ni mbali. Mmoja wao alimpa sauti ya kukwaruza inayokatika. Alieleza kwamba aliichukua katika hali ya watu wenye ugonjwa fulani wa koo unaozuia sauti. Wagonjwa wa namna hiyo walihuzunika kuona hali yao imegeuzwa kuwa alama ya ubaya, naye akawaomba radhi mbele ya watu. Hapo pana fundisho kwa mwigaji yeyote, mdogo au mkubwa. Ukichukua kilema cha jirani ili uchekeshe au utishe, jirani anakusikia.

Sauti bila uso

Sasa tumefika katika sehemu ya kazi yake inayonishangaza zaidi. Mwanamke aliyelia utotoni kwa ajili ya uso wake, kisha uso huo ukasifiwa katika magazeti ya dunia nzima, alikubali mara nyingi kufanya kazi ambayo uso hauonekani.

Katika filamu ya *Star Wars* ya mwaka 2015 alikuwa Maz Kanata, kibibi mfupi mwenye miwani mikubwa aliyeishi zaidi ya miaka elfu. Walimtia vidoti usoni, kamera ikafuata kila mnyanyuko wa nyusi na midomo, kisha kompyuta ikamvika ngozi nyingine. Katika *The Jungle Book* ya mwaka 2016 alikuwa sauti ya Raksha, mbwa mwitu jike anayemlea mtoto wa binadamu. Mwaka 2021 kampuni ya Kukua ya Nairobi ilianza kuonyesha *Super Sema*, katuni ya mtoto wa kike wa Kiafrika anayekilinda kijiji chake kwa akili na uvumbuzi. Lupita aliingia kama mmoja wa watayarishaji wakuu, akatoa na sauti yake. Tazameni majina hayo: kukua, sema. Ni Kiswahili kitupu, na mtoto wa Kabambare hahitaji mkalimani.

Katika mwaka 2024 ilitoka *The Wild Robot*, filamu ya katuni ya Chris Sanders iliyotokana na kitabu cha Peter Brown. Roboti iitwayo Roz inatupwa na dhoruba katika kisiwa kisicho na watu. Inajifunza lugha ya wanyama. Kwa ajali inaangukia kiota cha bata bukini, na yai moja tu linasalia. Kifaranga akitoka anaiona roboti kuwa mama yake. Mashine ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya ulezi yapaswa sasa kumfundisha kula, kuogelea na kuruka kabla ya majira ya baridi.

Wengi hawajui katuni za namna hii hutengenezwaje. Sauti hutangulia. Mwigizaji husimama chumbani mbele ya kipaza sauti, mara nyingi peke yake, bila mavazi, bila mwenzake wa kumjibu. Mwongozaji humwambia: sasa dhoruba inavuma, sasa mtoto wako anakukataa. Husema neno lile lile mara nyingi, kwa namna mbalimbali. Wachoraji huchukua sauti iliyochaguliwa, wakaichezesha midomo na macho ya katuni kuifuata. Kwa hiyo mwigizaji hapambi picha iliyokwisha kuwapo. Picha ndiyo inayomfuata yeye.

Na roboti haina nyusi za kukunja wala machozi ya kumwaga. Lupita alieleza kwamba alianza kwa kusikiliza zile sauti za mashine zinazojibu watu katika simu, zenye furaha isiyobadilika. Kisha, kadiri Roz anavyokuwa mama, sauti inapata joto kidogo kidogo, hata mtazamaji asijue ni wapi ilipogeuka. Sauti ile ya kwanza, iliyo juu na yenye uchangamfu wakati wote, ilimgharimu. Koo liliumia, pakatokea uvimbe mdogo katika nyuzi za sauti, akalazimika kunyamaza miezi mitatu ili apone. Mtu asiyeonekana hata kidole katika filamu aliumizwa na kazi yake kama mchimbaji anavyoumizwa na sululu.

Kwa kweli sisi tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Jioni, moto ukififia, bibi husimulia habari za sungura na fisi. Watoto hawauoni uso wake, giza limeufunika. Lakini fisi anapoanza kusema kwa sauti ile nene ya puani, mtoto mdogo humkaribia mama yake. Bibi huyo amefanya kazi ya katuni kabla ya katuni.

Hatari iliyofichwa

Haingekuwa haki kuwaeleza wazazi mema peke yake. Mwezi wa kumi mwaka 2017 Lupita aliandika katika gazeti *New York Times* jinsi Harvey Weinstein, mtu mwenye nguvu kubwa katika sinema ya Marekani, alivyojaribu kumvuta katika mambo ya aibu alipokuwa bado mwanafunzi wa Yale. Alieleza jinsi alivyotafuta njia ya kujiondoa chumbani, na jinsi alivyokaa kimya miaka kadhaa akidhani ni peke yake. Wanawake wengi walisema habari zinazofanana na zake katika majuma yale.

Wazazi wakisoma hayo wataona sababu ya kumzuia binti. Lakini mtu mwenye uwezo wa kutoa kazi na kudai mwili yuko hata katika ofisi, hata shuleni, hata dukani. Ulinzi si kumfungia binti ndani, bali ni kumzoeza kusema. Binti anayejua kwamba nyumbani atasikilizwa bila kupigwa wala kulaumiwa, huyo atatoka chumbani upesi na atasema mapema. Aliyefundishwa kunyamaza kwa kila jambo atanyamaza hapo pia.

Shauri kwa wazazi

Katika filamu ya *Queen of Katwe* ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, Lupita anacheza kama mama. Ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi, mtoto wa mtaa maskini wa Katwe mjini Kampala, aliyekuwa hodari katika mchezo wa sataranji. Mama yake, Nakku Harriet, ni mjane anayehangaika kulisha watoto. Anaiogopa ile bao yenye vipande vyeusi na vyeupe. Haogopi kwamba mtoto atashindwa tu. Anaogopa kwamba ataonja maisha mengine, kisha ashindwe kuvumilia yale aliyozaliwa nayo. Mama huyo hana ubaya. Ni mapenzi yake ndiyo yanayomtia woga. Na hatimaye anauza kitu cha thamani alichokuwa nacho, ili binti apate mwanga wa kusoma usiku.

Basi shauri langu ni fupi. Mtoto mwigaji asisifiwe kupita kiasi wala asikatazwe, apewe kazi. Ajifunze maneno ya mchezo kwa moyo, yote, si ya kwake peke yake. Ajifunze kufika kwa wakati kwenye mazoezi, na kurudia kipande mara ishirini bila kununa. Asome redioni au kanisani kwa sauti inayofika nyuma. Akichoka baada ya mwezi mmoja, mmejua kwamba ulikuwa mchezo tu, na hamkupoteza kitu. Asipochoka, mmejua jambo jingine.

Aendelee na masomo. Lupita alirudi shuleni baada ya televisheni, si kabla yake tu, na waigizaji wengi hupitia miaka isiyo na kazi hata moja. Mwenye cheti au ufundi wa pili hapotei katika miaka hiyo. Aambiwe wazi kwamba mshahara wa kazi hii ni kama mvua isiyo na majira.

Na mwishoni, tusimcheke kwa uso wake. Tusimwite mweusi kama chungu, wala tusimpambe dada yake kwa kuwa ni mweupe. Maneno hayo hutoka kinywani kwa sekunde moja, na mtoto huenda nayo kitandani. Sauti ya mzazi ndiyo ya kwanza kusikiwa na mtoto, naye huibeba ndani yake hata akiwa mbali na nyumbani.